Pasi Juu ya Majamvi ya Bi Rumaitha

Mie jina langu Mwalim. Ndiyo jina nililopewa na wazee wangu, si kazi. Skuli niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza sawasawa, kwani msimu wa karafuu uliingia na baba akataka mtu mwepesi wa kupanda matawi ya juu. Lakini mtu akinikuta kiwanjani na filimbi shingoni, akasikia vijana wanaita "Mwalim! Mwalim!", hudhani nimesomea mpira ng'ambo. Mie humwacha tu.

Sasa nataka kukupeni habari ya ile timu yetu ya jezi za zambarau.

Ilikuwa baada ya uchaguzi wa mwanzo wa vyama vingi. Nyinyi mliozaliwa juzi hamjui. Watu walikuwa hawaendeani harusini, hawazikani. Duka la mtu wa chama hichi, mtu wa chama kile haingii, hata kama liko mlangoni pake na kibiriti kimemwishia. Anavaa viatu, anashuka mpaka Mkoani mjini kununua kibiriti, anarudi jasho linamtoka, na ukimuuliza atakwambia alikuwa anajinyoosha miguu. Baraza za kahawa zilikuwa mbili, zinatazamana. Kashata za kote kote anapika mke wangu, Bi Mize. Yeye alikuwa akisema, "Mie sukari yangu haipigi kura."

Basi sie wa juu huku tulikuwa na kiwanja lakini hatuna watu, vijana wengi walishakwenda Unguja na Mombasa kutafuta maisha. Na wenzetu wa Makoongwe, kile kisiwa mnachokiona mkiwa gatini Mkoani, wao watu wanao ila kiwanja hawana. Wakicheza mchangani maji yakitoka. Maji yakijaa mechi imekwisha, hata kama kuna penalti haijapigwa. Na kichama sie huku na wao kule. Vyama sivitaji, kila mtu anakijua chake.

Ligi ya Pemba mwaka ule ikataka kila timu iwe na watu wa kutosha na kiwanja chake. Tukaungana kwa shida, mfano wa ndugu waliogombana wakalazwa chumba kimoja kwa kuwa chumba cha pili kinavuja. Kwenye rangi ya jezi peke yake tulikaa kikao mpaka kahawa ikatuishia. Kijani haiwezekani, buluu haiwezekani, nyekundu mtu katazama pembeni, manjano mtu kainuka anataka kwenda zake. Tukamalizia zambarau, kwa kuwa wakati ule zambarau haikuwa ya mtu. Siku hizi na yenyewe ina wenyewe. Lakini hayo yamekuja baadaye, sie hatuna makosa.

Halafu wazee wakaweka sharti. Wetu alikuwa Mzee Mabruki, mkali, anaongea na fimbo. Wao walikuwa na Mzee Jaribu, mpole, lakini mpole wa kukupinga. Wakakubaliana jambo moja tu katika maisha yao yote: tucheze mechi ya mwanzo na wale watu wa Wete. Tukishinda, timu inaendelea. Tukifungwa, kila mtu achukue watoto wake aende nao, na zambarau zikatwe matambara ya kufutia masufuria.

"Umesikia, Mwalim?" Mzee Mabruki akaninyooshea fimbo. "Mkifungwa basi."

"Nimesikia, Mzee."

Nilisikia kweli, na moyo ukanishuka. Kwa sababu nnapenda mpira, wallahi, na kwa miaka miwili nilikuwa kocha asiye na timu, napiga filimbi kufukuza mbuzi.

Kocha mwenzangu kutoka Makoongwe alikuwa Masoud, mvuvi, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Siku ya mwanzo ya mazoezi tulisalimiana kwa vidole. Tukawagawa vijana, tukatupa mpira kati. Basi ndipo nilipoona maajabu.

Vijana wangu mpira hawaunyanyui. Hapa, hapa, hapa, kila mmoja anampa aliye karibu naye, mpira unatambaa chini kama sisimizi. Na kuna sababu. Kiwanja chetu msimu wa karafuu kinaanikwa majamvi pembeni, miaka mingine na katikati. Watoto wa huku wamelelewa wakicheza kwenye vichochoro baina ya jamvi na jamvi. Ukipiga mpira mrefu ukaangukia karafuu za mtu, utazizoa, utachapwa, na nyumbani utachapwa tena. Mtoto akishachapwa mara mbili tatu, mguu wake unajifunza adabu. Kuna mmoja, Nyange, kiungo wangu, alikuwa na mguu wa adabu kuliko wote. Angeweza kupitisha mpira chini ya mlango uliofungwa. Lakini mbali, hapana.

Na wa Makoongwe ndiyo kinyume chake. Kule mchangani kuna vidimbwi. Pasi fupi ikiingia kidimbwini inakufa, na kaa anaweza akaikalia. Kwa hivyo wao wamezoea kupiga juu, ndefu, mpira unapaa mtu anaufuata mbio. Walikuwa na kijana anaitwa Bakar, anakimbia mpaka unauonea huruma upepo. Lakini mpe mpira mguuni, umwambie ampe mwenzake aliye hatua tatu mbele yake! Anaupiga mwenzake anaanguka.

Masoud akanambia, "Watoto wako wanacheza mpira au wanashona mkeka?"

"Na wako wanacheza mpira au wanaangua nazi?"

Akacheka. Nami nikacheka. Tukatazama barazani kama kuna mtu katuona.

Jambo jingine, bora niliseme, pasi nazo zilikuwa na chama. Wangu anampa wangu, wake anampa wake. Mwenzake yuko peke yake mbele ya goli anapunga mikono miwili, yeye anamtazama kama hamwoni, anampa wa kwao aliyezungukwa na watu wanne. Hilo nilisema litakwisha lenyewe wakichoka. Kwanza tuwape miguu.

Nikatafuta njia. Wa Makoongwe nikawaweka baina ya majamvi ya Bi Mize, karafuu mbichi zimejaa tele. Nikawaambia, chezeni humu, na mpira ukigusa jamvi, aliyepiga akae na kina mama kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, mpaka mazoezi yaishe. Siku ya mwanzo, mashallah, timu nzima ya Makoongwe ilikuwa imekaa chini inachambua, na kocha wao kati, maana na yeye alijitia kuonesha.

Bi Mize kafurahi sana. "Mwalim, hawa watu mbona ulikuwa unatuficha? Kesho walete tena."

Bakar vidole vilimnuka karafuu mpaka samaki kule kwao, anasema, walikuwa wanaijua ndoana yake. Lakini siku kadhaa zikipita akawa anachambua kidogo, halafu kidogo zaidi, mwisho Bi Mize akawa ananung'unika hana wasaidizi.

Wangu nao nikawavusha Makoongwe maji yakitoka. Wengine walitapika njiani, kivuko cha dakika chache tu hicho, aibu, watu wa kisiwa! Kufika mchangani Nyange akapiga pasi yake nzuri ya chini, ikaingia kidimbwini, ikasimama pale pale. Akaitazama. Akaisukuma tena. Ikaingia kidimbwi cha pili.

"Nyanyua, ewe!" Masoud anapiga kelele. "Ingiza kidole chini ya mpira, uinue mguu! Mpira si yai!"

Nyange akajaribu, mpira ukaenda baharini. Watoto wa Makoongwe wakaufuata wanaogelea wanacheka. Lakini hapa hapana jamvi la mtu, hapana wa kumchapa, basi kila siku akapiga na kupiga, mpaka ukawa unafika pale anapotaka. Nilimwona anavyojitazama mguu, kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake akakuta kinamtosha.

Basi mtu atasema kazi imekwisha. Haikwisha! Wakijua zote mbili sasa hawajui ipi wakati gani. Mmoja anapiga fupi, fupi, fupi mpaka amelala usingizi nazo. Mwengine anakumbuka ghafla kuna pasi ndefu, anaipiga mbele ya watu wanne waliosimama wanamngoja. Nikawaambia changanyeni. Wakachanganya kweli, fupi moja ndefu moja, fupi moja ndefu moja, kama wanahesabu hatua za ngoma. Masoud akakaa chini, akajifunika kofia usoni.

Jawabu nililipata nyumbani kwangu, na si kwa akili yangu. Bi Mize alianika mpunga uani. Kuku wakaja wanadonoa. Mie ningewarushia kiatu. Yeye akachukua punje chache akazitupa miguuni pake, upande wa jikoni. Kuku mmoja akaja. Akatupa kidogo tena. Akaja wa pili. Kidogo kidogo, wote wakajazana miguuni pake wanasukumana, na kule kwenye mpunga hakuna hata kifaranga. Binti yetu Saada akaukusanya kwa raha zake.

Nikainuka nikapiga kelele, "Hao! Hao!"

"Nani hao?"

"Watu wa Wete!"

Bi Mize akaja akanishika paji la uso. "Mwalim, una homa?"

Jioni ile nikawaambia vijana. Pasi fupi ni punje. Unazitupa miguuni pako, pole pole, wale wenzenu waje. Mmoja, wawili, wanne. Usiwe na haraka, waache wasukumane. Wakishajazana wote huku, basi kule kuna mpunga hauna mtu. Ndipo unapiga ndefu. Si kabla. Ukiipiga kabla, kuku wako juu ya mpunga.

Bakar akauliza, "Na mie ni nani, Mwalim?"

"Weye Saada."

Walicheka mpaka wakalala chini. Jina likamganda mwaka mzima. Lakini wakafahamu. Na pale kwenye kuwatazama kuku kama wamejaa au bado, wakasahau nani wa chama gani. Mtu akawa anampa aliye na nafasi. Nilimtazama Masoud, na yeye kanitazama.

Ikaja siku ya mechi. Wete wakateremka na gari mbili, moja ya wachezaji, moja ya watu wa kuzomea. Kiwanja kimejaa, chama hichi upande wa goli hili, chama kile goli lile. Na upande wa kushoto mwa kiwanja, toka kona mpaka kona, majamvi ya Bi Rumaitha.

Bi Rumaitha ukoo wake walitoka Omani zamani, shamba lao lilikuwa halimaliziki kwa macho. Siku hizo amebakiwa na mikarafuu michache, na pahala pa jua pa kuanikia ni pale pembeni mwa kiwanja, tangu enzi na enzi. Chama chake hapana anayekijua mpaka leo, kila upande ulikuwa ukidai ni wake. Kaweka kiti chake, kashika ufagio wa njukuti za mnazi, na kila mtoto wa huku aliyekua anaujua ufagio ule mgongoni.

Nikamwendea kabla ya mechi. "Shikamoo, Bi Rumaitha."

"Marhaba. Sitoi."

"Hata sijasema."

"Unataka nitoe karafuu zangu. Jua la leo kalileta Mungu, hakulileta refa. Waambie watoto wako wacheze kule."

Kipindi cha mwanzo tulicheza vizuri, nakwambieni kweli. Punje, punje, upande wa kulia, Wete wanakuja mmoja mmoja. Nyange yuko kati na mpira, kuku wote wamejaa miguuni pake. Kushoto kule kweupe, Bakar peke yake, mikono juu, karibu avue jezi aipunge. Nyange akanyanyua kichwa. Akamwona Bakar. Akaona majamvi. Akaona ufagio.

Mguu ukasimama hewani. Akageuka, akarudisha nyuma pasi ndogo, mtu wa Wete akaichukua njiani, huyo, huyo, goli.

Upande mzima wa Wete ukaruka. "Wachunga karafuu!" wanaimba. "Wachunga karafuu hao!"

Mapumziko Masoud kaja mbio, sauti ile ndefu imepanda. "Mtu wako anaogopa karafuu!"

"Haogopi karafuu," nikamwambia. "Anamwogopa mwenye karafuu."

"Kwani atamfanya nini?"

"Weye hukulelewa huku."

Na Mzee Mabruki na Mzee Jaribu nao wameshasimama pamoja, mara ya mwanzo nawaona bega kwa bega, wanaulizana zile jezi watagawana vipi. Nyange amekaa, kichwa magotini. Nikamwambia, "Mwanangu, mguu wako unaweza. Nimeuona Makoongwe."

"Makoongwe Bi Rumaitha hayupo, Mwalim."

Nikamwendea Bi Rumaitha tena. Nikamweleza, tukifungwa timu inakufa. Akanisikiliza, akachukua karafuu moja akaivunja kwa kucha kuona imekauka vipi. "Hazijakauka bado," akasema. "Na shida zenu nyie jadilianeni wenyewe." Nikarudi.

Kipindi cha pili kikaenda, kikaenda. Tunajaza kuku, tunajaza kuku, mpunga upo upande wa majamvi, hapana wa kuupigia. Nyange kila akitazama kule anarudisha mpira nyuma. Watu wa Wete wameshajua, wanamwacha Bakar peke yake, hawajishughulishi naye. Na wazomeaji wao wakahama, wakaja kusimama nyuma ya majamvi wakaanza upya. "Wachunga karafuu! Kachungeni! Na bibi yenu huyo mchungaji mkuu!"

Bi Rumaitha kainuka kitini.

"Nani mchungaji?" akauliza. Kijana mmoja wa Wete akarudi nyuma. "Nakuuliza, nani bibi yako, mtoto usiyekuwa na haya? Babu yako kaazima jembe kwetu mpaka leo hajarudisha!" Sijui kama ilikuwa kweli, hata yeye hakumjua babu wa kijana yule. Kisha akakigeukia kiwanja, akanyoosha ufagio, na sauti yake ikapita juu ya watu wote.

"Nyange! We Nyange wa Mwanaasha! Piga huku!"

Nyange akaganda na mpira. Watu wanne wanamjia.

"Karafuu, Bi!"

"Piga, nakwambia! Zikimwagika ntazoa mwenyewe! Piga, usinitie aibu mbele ya hawa!"

Akauingiza mguu chini ya mpira. Ukapaa. Wallahi niliuona unazunguka kwenye jua, ukapita vichwa vya wale wanne, ukapita mabeki, ukashuka kwenye mstari penye jamvi la mwisho. Bakar keshafika. Mguu mmoja nyasini, mguu mmoja karafuuni, kautuliza kwa kifua, karafuu zinaruka kama mvua ya mawe, kaingia ndani, kipa kamtokea, kampitishia chini ya tumbo. Fupi. Kama ya Nyange.

Sikwambieni kelele. Watu waliovuka kiwanja kutoka goli hili na goli lile walikutana kati, wakakumbatiana kabla hawajatazamana ni nani. Mzee Mabruki kaangusha fimbo.

Watu wa Wete wakamvaa refa. "Mpira ulitoka! Alikuwa juu ya jamvi!"

Refa akaja. "Mstari uko wapi?"

"Chini ya jamvi," mshika kibendera akasema.

"Funua."

Wakashika pembe za jamvi, na Bi Rumaitha amesimama juu yao na ufagio. Wakafunua kidogo, kwa adabu. Chokaa ilikuwa katikati ya jamvi. Mpira uliangukia ndani au nje? Refa alimtazama Bi Rumaitha, akatazama ufagio, akatazama karafuu.

"Goli," akasema, na filimbi ya mwisho haikukawia.

Moja kwa moja. Sare.

Kelele zikaanza kupungua, kwani watu walianza kufikiri. Mzee Mabruki akaokota fimbo yake. "Sasa?"

"Sasa nini?" Mzee Jaribu akasema.

"Tulisema tukishinda timu inaendelea. Hatukushinda."

"Tulisema tukifungwa tunaachana. Hatukufungwa."

"Kutokushinda ni kufungwa kidogo."

"Kutokufungwa ni kushinda kidogo."

Na mkumbuke, hakuna aliyesema neno la sare siku ya kuweka sharti. Watu wazima wote wale, vichwa vyeupe, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mpira una sare. Watu wakagawanyika, lakini mgawanyiko wenyewe ukaja umepinda, wa kwetu wengine wanasema tuachane, wengine tusiachane, na wa Makoongwe vivyo hivyo, ikawa mtu wa chama hichi anamtetea wa chama kile dhidi ya shemeji yake.

Bi Rumaitha akapiga kiti chake kwa ufagio. "Nyie! Mnagombana mmesimama juu ya karafuu zangu."

"Ulisema utazoa mwenyewe, Bi," Masoud akasema.

"Nilisema kabla sijaona imekuwa sare. Mngeshinda ningezoa. Chuchumaeni."

Wakachuchumaa. Mzee Mabruki na Mzee Jaribu jamvi moja, wanaokota, wanabishana. Bakar alijua kazi, anachambua kwa mikono miwili. Bi Mize akaleta kahawa, na kwa kuwa wote walikuwa pahala pamoja, alileta buli moja tu.

Magharibi ikaadhiniwa hukumu haijatoka. Wakasema tukae siku nyengine. Siku hiyo wa Makoongwe hawakuweza, samaki wameingia. Halafu ikaja Ramadhani. Halafu kikao kikakosa watu. Na kila mwisho wa wiki, maadamu timu haijavunjwa wala haijathibitishwa, ilibidi icheze, si ligi ipo? Ikacheza miaka. Ilifungwa mara nyingi, na hapana aliyesema kitu, kwani sharti lilikuwa la mechi ile moja.

Wazee wale wameshatangulia, Mungu awarehemu. Tumebaki mie na Masoud. Mwezi uliopita alikuja Mkoani kupimwa presha, akapita kwangu, akakaa, akanywa kahawa yake.

"Mwalim," akanambia, "kile kikao tutakimalizia lini?"

"Wakipatikana watu."

Akatazama nje, vijana wanapita na mpira, zambarau imepauka mgongoni.

"Basi wasipatikane," akasema, akaomba kashata ya pili.